Mistari Tisa ya Bi Koki

Jumatatu asubuhi Bi Koki aliwasha kompyuta, akafungua ukurasa wa zana, akakuta mistari yake tisa imekatwa tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Pale alipoacha Ijumaa maelezo yaliyoshiba, sasa palikuwa na sentensi moja iliyokonda: Hukusanya mitungi isiyotumika kwa wateja. Hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Ofisi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kuikondesha lugha kiasi hicho, naye ni meneja, ambaye kila kikao alikianza kwa kusema "kwa ufupi" mpaka wafanyakazi wakambandika jina hilohilo. Kwa Ufupi walimwita, na yasemekana hata mkewe alilijua.

Bi Koki hakulalamika. Alivuta kiti, akaiandika upya mistari yote tisa kutoka kichwani, akaihifadhi, kisha akaenda kujimiminia chai.

Kampuni yao ilisambaza mitungi ya oksijeni majumbani, kwa wagonjwa wa moyo na mapafu ambao hospitali imewaruhusu kurudi kwao lakini kifua bado hakijawapa nafasi. Nyuma kulikuwa na uwanja wa mitungi, iliyojaa kushoto, mitupu kulia, na mnyororo katikati. Mbele kulikuwa na ofisi: meza nne, feni moja yenye kelele, na simu ya mezani ambayo Bi Koki ameipokea miaka kumi na tisa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Watu walimwita Bi Koki kwa sababu hajawahi kuagana na mteja bila kumuuliza kama amefunga koki.

Sasa kampuni ilikuwa imeleta karani wa akili mnemba. Walimwita Karani Mpya, ingawa hakuwa na kiti wala kikombe. Ilikuwa programu inayosoma ujumbe na kumbukumbu za wateja, kisha inaamua yenyewe itumie zana gani: ya kupokea oda, ya kupanga safari za gari, ya kubadilisha mtungi ulioisha, au ya kukusanya mtungi usiohitajika tena. Fundi wa kompyuta, dada mpole mwenye miwani minene, aliwaeleza tangu siku ya kwanza kwamba Karani Mpya hajawahi kukanyaga uwanjani, hajawahi kuusikia mtungi ukipumua, wala hamjui mteja hata mmoja kwa sura. Anachokijua kuhusu kila zana ni jina lake na maelezo yaliyoandikwa chini yake, basi. Ndiyo maana alitafutwa mtu anayeijua kazi ayaandike hayo maelezo na kuweka jina lake kwamba ameyathibitisha. Anayeijua kazi alikuwa Bi Koki, hilo hata wasiompenda walikubali.

Zana nyingine ziliandikwa bila ugomvi. Ugomvi wote ulikuwa kwenye hii ya kukusanya.

Kabla chai haijapoa aliitwa chumba cha meneja. Kwa Ufupi alikuwa na kanuni yake: zana moja, maneno yasiyozidi kumi na mawili. Alisema maelezo marefu yanachosha macho, yanachelewesha mfumo, na tena ni kumdharau Karani Mpya ambaye amesoma vitabu vingi kuliko wote waliomo kwenye jengo lile. Akasema hesabu ni rahisi: mteja asiyeagiza gesi kwa siku ishirini na moja haihitaji, na mtungi wake unakaa bure ndani wakati wengine wanausubiri. Bi Koki alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba vitabu vyote hivyo havina habari za mteja wao hata mmoja, na kwamba siku ishirini na moja za kimya ni kimya tu, hazijasema kitu.

"Bi Koki, kwa ufupi, wewe unaandika barua ya mapenzi," meneja alisema. "Mimi nataka lebo."

"Lebo inamtosha anayejua kilichomo ndani, meneja. Huyu wako hajui."

Meneja akasukuma fomu mezani. Ilikuwa na ile sentensi iliyokonda, na chini yake nafasi ya sahihi ya mtaalamu wa kazi. Bi Koki aliisoma, akairudisha ilikotoka kwa kidole kimoja.

"Weka jina lako," alisema. "Langu hapana."

Saa sita mchana alipokea barua ya onyo. Ilisema amekaidi maelekezo, kwamba kuanzia siku hiyo ahamie uwanjani kufunga vitambulisho kwenye mitungi, na kwamba kosa jingine la aina hiyo litamfukuzisha kazi. Meneja akatia sahihi fomu yeye mwenyewe. Mistari tisa ikakatwa mara ya nne, na safari hii neno la siri la Bi Koki likazimwa pamoja nayo.

Nyumbani alimkuta shangazi yake kwenye kiti chake karibu na dirisha, mtungi pembeni kama mgeni asiyeaga. Shangazi huyu, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea Bi Koki tangu akiwa na miaka sita. Sasa mapafu yalikuwa yamemchoka ila ulimi bado. Mume wa Bi Koki, seremala, alikuwa ameutengenezea mtungi kigari cha mbao chenye magurudumu manne, na shangazi alitembea nao kutoka chumbani hadi uani akiuvuta kwa kamba na kuusemesha njiani. Lakini gesi yenyewe aliibana. Daktari alimwambia aitumie kila kifua kinapobana, naye akaamua mwenyewe ni kubana kwa kiasi gani kunakostahili gesi. Ndivyo alivyobana sabuni maisha yake yote, na ndivyo alivyobana maneno mazuri. Mtungi ambao wengine waliumaliza kwa siku kumi, yeye aliufikisha mwezi.

Bi Koki alimsomea barua ya onyo. Shangazi aliuliza kama kuna mahali imesema mistari ile ni ya uongo. Bi Koki akasema hakuna.

"Basi haijajibu kitu," shangazi akasema, akafunga macho.

Wote wawili walijua kwa nini Bi Koki hatikisiki. Miaka kumi na moja nyuma, kabla ya kompyuta hizi, kulikuwa na mshonaji mstaafu aliyenyamaza siku ishirini na mbili. Utaratibu uliandikwa ukutani: siku ishirini na moja, kusanya. Bi Koki aliandika karatasi, gari likaenda. Mke wa mshonaji aliwapokea vijana wa gari kwa heshima zote, akasoma karatasi yenye mhuri, akawapa mtungi pamoja na shukrani. Hakubisha, kwa sababu watu wapole wakiona mhuri hudhani aliyeupiga anajua kitu wasichokijua wao. Mzee alikuwa akiibana gesi kama shangazi. Siku mbili baadaye alikata roho kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, wakiwa njiani kwenda hospitali.

Hakuna aliyemlaumu Bi Koki. Alikuwa amefanya kama ilivyoandikwa. Lakini yeye alijilaumu, na akajitungia utaratibu wake: mteja akinyamaza, hatumi gari, anapiga simu. Hamuulizi mtu kama mgonjwa wake bado yu hai, maana hilo si swali la kumrushia mtu kwenye simu. Anasalimia, anauliza habari za nyumbani, na huku anasikiliza kilicho nyuma ya sauti. Mlio wa gesi aliujua hata ukipita katikati ya redio na kelele za watoto. Mistari tisa ilikuwa ni huo utaratibu, umewekwa kwa maneno ambayo hata asiyekuwa na masikio angeweza kuyafuata.

Alhamisi ilikuwa siku ya jaribio. Fundi wa kompyuta alikuwa amewahakikishia wote kwamba siku ya kwanza Karani Mpya atatoa orodha kwenye skrini tu, watu waipitie. Meneja hakuwa na subira hiyo. Wakubwa walitaka ripoti kufikia jioni, naye alitaka ripoti yenye mitungi ndani yake, kwa hiyo saa mbili alichapisha orodha, akaigonga mhuri, akamkabidhi dereva mpya mwenye wiki tatu kazini. Bi Koki alikuwa uwanjani amepiga magoti kati ya mitungi, waya mdomoni, akafikiri gari linapeleka oda za kawaida.

Saa nne na nusu gari lilirudi. Dereva alishuka wa kwanza, uso umemshuka pia. Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akampa mkono shangazi wa Bi Koki. Nyuma yake akashusha kigari cha mbao chenye magurudumu manne, mtungi juu yake, na mrija ukitoka kwenye mtungi hadi puani kwa mwenyewe.

Kama dereva alivyosimulia baadaye, alibisha hodi, akasalimia, akatoa karatasi. Shangazi aliisoma mara mbili. Akamuuliza kama yeye ndiye aliyeamua. Dereva akasema hapana, yeye ametumwa. Shangazi akamwambia basi hana ugomvi naye, ila amngoje avae viatu, kwa sababu mtungi hautoki mle ndani bila yeye. Dereva alikuwa na mama, kwa hiyo hakubisha.

Bi Koki alimwona shangazi yake, akautema waya, akasimama. Kisha akaona kitu kingine ndani ya gari: mtungi mmoja umelala peke yake. Nyumba yao ilikuwa ya pili kwenye orodha, kwa hiyo huo ulikuwa wa nyumba ya kwanza. Alipanda nyuma ya gari, akasoma kipimo. Mshale ulikuwa katikati. Akasoma jina kwenye kitambulisho, akakimbilia simu yake ya zamani mle ofisini, vumbi la uwanja likiwa bado magotini.

Alipokea mwanamke. Bi Koki alisalimia, akauliza habari za nyumbani, na nyuma ya sauti akasikia mtu akivuta pumzi fupifupi, kisha anakohoa, kisha tena fupifupi. Mwanamke akasema kwa adabu kwamba watu wa ofisi wamekuja na karatasi, nao wamewapa. Aliuliza kama kuna kilichokosewa.

"Kimekosewa na sisi, mama," Bi Koki alisema. "Mkalishe wima, fungua madirisha. Mtungi wake unarudi sasa hivi, na kama atazidi kabla haujafika, mwite jirani mwenye gari, usitusubiri."

Alimrudisha dereva mbio na mtungi ule, akamwambia akitoka huko asipite popote, alete ufunguo wa gari mkononi mwake.

Shangazi alikuwa ameshaingia chumba cha meneja bila kukaribishwa na kukaa kwenye kiti cha wageni. Aliifungua koki kidogo zaidi. Gesi ikasikika mle chumbani, shiii, na meneja akaangalia mtungi, akaangalia dari, akakosa pa kuweka macho. Fundi wa kompyuta alisimama mlangoni na kompyuta yake kifuani.

"Nani kaandika kwamba mtungi huu hautumiki?" shangazi aliuliza.

Meneja akasema ni mfumo, akaanza kueleza habari za jaribio. Shangazi alimsubiri apumue, maana na yeye alihitaji kupumua, kisha akausogeza uso wake mezani.

"Mwanangu, mimi sitaki kukuchosha. Karatasi yako inasema uchukue. Basi chukua. Mrija huu hapa, uchomoe kwa mkono wako mwenyewe."

Meneja hakuinua mkono.

Bi Koki alimwomba fundi amuulize Karani Mpya kwa nini alimweka shangazi kwenye orodha. Fundi akaandika swali, jibu likaja, akalisoma kwa sauti ndogo. "Maelezo ya zana yanasema inakusanya mitungi isiyotumika. Mteja huyu hajaagiza gesi kwa siku ishirini na sita. Sikuona maelezo yanayonitaka kumuuliza mtu kwanza, wala yanayosema kwamba gari likitoka kuna hatari."

"Angalau huyu si mwongo," shangazi akasema.

Fundi akaendelea bila kuulizwa, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. Alisema Karani Mpya hakuharibika. Ametii alichopewa, na angepewa kingine angetii hicho. Ile mistari tisa aliisoma siku ya kwanza, na alitaka kusema neno Jumatatu, ila alinyamaza. Alimwangalia Bi Koki aliposema hivyo, naye Bi Koki akamwitikia kwa kichwa, kwa maana hata yeye aliwahi kunyamaza mbele ya kilichoandikwa ukutani.

Mlango ukafunguliwa, dereva akaingia, shati limelowa jasho. Alisema amewakuta wakimpepea mzee kwa kanga, midomo imegeuka rangi, na kwamba sasa anapumua na ameomba maji. Akaweka ufunguo wa gari kwenye kiganja cha Bi Koki kama alivyoagizwa.

Hapo meneja alipata upenyo. Alisimama, akamwambia Bi Koki kwa upole ambao hajawahi kumpa kwamba anasikitika sana, kwamba shangazi yake atawekewa alama maalumu kwenye mfumo na hataguswa kamwe, na mzee yule vilevile. Barua ya onyo itachanwa. Meza yake na simu yake zitamngoja kesho asubuhi. Kilikuwa kila kitu alichonyang'anywa, kimewekwa mezani mbele yake, na alihitaji tu kusema asante.

Bi Koki alichukua orodha iliyokuwa juu ya meza. "Majina sita," alisema. "Wawili umewasamehe. Hawa wanne waliobaki, nani wa kwao yupo hapa ofisini?"

Meneja akasema hao watashughulikiwa utaratibu ukikaa sawa. Bi Koki akautia ufunguo wa gari kwenye mfuko wa gauni lake, akaufunga kwa pini, mbele ya macho yao wote.

"Gari lako halitakusanya mtungi hata mmoja mpaka mistari yangu irudi. Yote tisa. Ukikata mmoja, ufunguo utarudi hapa, wewe utaandika barua nyingine, na mimi nitaandika mistari tisa mingine. Tutaona nani ataanza kuchoka. Ukitaka kunifukuza, nifukuze sasa, shangazi akiwepo, aone."

Shangazi alikaa vizuri kwenye kiti, kama mtu aliyekuja kuona jambo na hana haraka. Gesi iliendelea kulia. Hiyo gesi, nadhani, ndiyo iliyommaliza meneja, kwa sababu mtu aliyeambiwa kwamba kitu hakitumiki hawezi kukaa nacho chumba kimoja kikilia namna ile. Kwa shingo upande alimwambia fundi amfungulie Bi Koki neno lake la siri.

Bi Koki aliandika akiwa amesimama, kwenye kompyuta ya meneja mwenyewe, na fundi akasoma kila mstari ulipoingia:

Zana hii hutuma gari kumwondolea mteja mtungi nyumbani kwake.
Itumie pale tu mteja au ndugu yake amesema mwenyewe kwamba mtungi hauhitajiki tena.
Kabla ya kuitumia, andika jina la aliyesema na siku aliyosema.
Kimya cha mteja si ruhusa, hata kikipita siku ishirini na moja.
Wapo wanaobana gesi, wapo waliolazwa, wapo waliopoteza simu.
Aliyenyamaza usimtumie gari. Weka jina lake kwenye orodha ya kupigiwa simu na mtu.
Kama mtungi umeisha na mgonjwa bado anauhitaji, tumia zana ya kubadilisha, siyo hii.
Mtungi ukishatoka nyumbani mgonjwa anaweza kufa kabla haujarudi.
Ukiwa na shaka yoyote, usikusanye, uliza.

Meneja aliisoma yote hadi chini. Akakohoa, akauliza kama mstari wa nane ni lazima uwe mkali hivyo. Bi Koki akamwambia mstari wa nane una mwenyewe, alikuwa mshonaji, na angekuwepo angeomba uwe mkali zaidi. Kisha akaweka jina lake chini, jina lake lote la kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.

Meneja alipoitoa barua ya onyo kwenye faili ili aichane, alimzuia. Alisema iachwe palepale. Anataka atakayekalia ile simu baada yake aione, ajue kwamba mistari hii iliwahi kumgharimu mtu, asiruhusu ikatwe kirahisi. Meneja akairudisha barua ndani ya faili. Dereva akapewa ufunguo kumrudisha shangazi nyumbani, na shangazi akaondoka akiuvuta mtungi wake, akiulalamikia kwa gesi nyingi iliyopotea kwa ajili ya watu wasio wake.

Ijumaa asubuhi Bi Koki alikaa kwenye meza yake, feni ikilia juu yake, akafungua ukurasa wa Karani Mpya. Orodha ya magari ya kukusanya ilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na ujumbe: "Sijatuma gari. Wateja sita wamenyamaza zaidi ya siku ishirini na moja na sijui hali zao. Naomba mtu awapigie." Fundi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alicheka kidogo kwa furaha. Bi Koki hakucheka. Alivuta simu.

Jina la kwanza namba yake hakuhitaji kuisoma. Ilipokelewa baada ya miito mitano, na kabla ya salamu akasikia magurudumu ya mbao sakafuni, kisha shiii ndogo iliyobanwa, ya mtu anayejua kubana.

"Ni ofisi ya mitungi," Bi Koki alisema, kama anavyosema kwa kila mteja. "Habari za nyumbani?"

"Nipo," shangazi akajibu. "Mwandikie huyo karani wenu kwamba nipo."

Bi Koki akaandika mbele ya jina: yupo. Akamuuliza kama atafunga koki akimaliza, akasikiliza mpaka akasikia inafungwa, kisha akapiga namba iliyofuata.